Kila Kani Ina Mwenyewe

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko S.2 (mwaka wa pili wa sekondari) hapa Bweyale, Uganda. Daftari lake la fizikia lina orodha ya kani kumi na moja: uzito, msuguano, mkazo, ukinzani wa hewa, kani ya sumaku na nyinginezo. Ameikariri yote bila kukosea. Juzi nikamwuliza: jerikani la maji limekaa sakafuni, nalisukuma lakini halisogei, je, hapo kuna kani zipi? Akataja tano, na mbili kati yake hata mimi niliyeishia S.4 naona hazipo. Nimwanzishie wapi ili azielewe?

JIBU: Wa alaikum salaam, Mama. Mwambie aifunge ile orodha kwa muda. Haina uongo, ila imechanganya mambo ya aina tofauti: majina mengine yanaeleza kani inatoka wapi, mengine yanaeleza kazi inayofanya tu. Mtoto akiikariri hivyo, akipewa mchoro atachomeka majina mpaka yamwishie.

Aanze na hili: kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kitu kingine. Hakuna kani ya kitu kimoja peke yake. Basi kabla hajachora mshale wowote, atamke sentensi kamili: "Fulani anamsukuma fulani," au "Fulani anamvuta fulani." Dunia inavuta jerikani. Sakafu inasukuma jerikani. Mkono unasukuma jerikani. Akikwama kwenye "fulani" wa kwanza, yaani mwenyewe wa kani hakuonekana, basi mshale huo aufute. Kipimo hiki peke yake kitamwondolea zaidi ya nusu ya makosa ninayoyaona kwenye madaftari ya S.1 na S.2.

Hatua ya pili ni kuuliza kama huyo mwenyewe anagusa. Katika fizikia ya ngazi yake, kani zinazofanya kazi bila kugusana ni tatu tu: mvutano wa dunia, kani ya sumaku, na kani ya chaji za umeme, ile inayofanya kitana cha plastiki kilichosuguliwa kwenye nywele kavu kiokote vipande vya karatasi. Zote zilizobaki zinahitaji mguso. Kwa hiyo akichora kitu chochote, akichore peke yake, bila sakafu wala mkono. Aweke kwanza mshale wa uzito, kwa sababu hapa duniani huo haukosekani. Kisha azungushe kidole kwenye mpaka wa kitu hicho. Kila mahali kinapoguswa, asimame na kuuliza: huyu anayegusa anafanya nini?

Wagusaji nao tabia zao zinajulikana. Kamba huvuta tu, haijawahi kusukuma. Uso mgumu, kama sakafu, ukuta au meza, unaweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kusukuma kwa kusimama wima juu ya uso wenyewe, pembe ya nyuzi 90, na kusugua sambamba na uso. Maji husukuma kuelekea juu kitu kilichozama au kinachoelea ndani yake. Hewa huzuia kinachotembea. Springi hupigania kurudi kwenye urefu wake. Akimaliza kuzunguka, amemaliza kani zote. Hakuna nyingine iliyojificha ndani ya kitu.

Sasa jerikani lako. Lita 20 za maji zina tungamo la kilo 20, na tukiliweka jerikani lenyewe kuwa kilo 1, jumla ni kilo 21. Uzito ni tungamo mara mvutano wa dunia. Kwa mahesabu ya shule tutumie nyutoni (kipimo cha kani) 10 kwa kila kilo, hivyo uzito ni nyutoni 210, kuelekea chini. Zungusha kidole: chini kuna sakafu, ubavuni kuna mkono wako. Mkono unasukuma, tuseme nyutoni 50, mlalo. Sakafu inasukuma juu nyutoni 210, na kwa kuwa jerikani linajaribu kuteleza, sakafu inasugua pia, kinyume na mkono, nyutoni 50. Mishale minne, imekwisha.

Hapo kwenye msuguano ndipo wanafunzi wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wamefundishwa kwamba msuguano ni namba ya msuguano (namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana) mara kani ya sakafu, na mara wakiona "msuguano" wanazidisha. Tuchukue namba ya msuguano ya plastiki juu ya saruji hiyo kuwa 0.4. Watazidisha 0.4 kwa 210, wapate 84, na waandike kwamba msuguano ni nyutoni 84. Lakini mkono unasukuma 50 tu! Kama sakafu ingerudisha 84, jerikani lingekimbia kumfuata anayelisukuma. Ile 84 ni kikomo, kiasi cha juu ambacho sakafu inaweza kufikia kabla ya kushindwa. Chini ya hapo msuguano hujipima na anayesukuma: ukisukuma 10 unarudisha 10, ukisukuma 80 unarudisha 80. Ukifika 90, sakafu imeshindwa na jerikani linaondoka.

Likishaanza kuteleza, namba ya msuguano hushuka, tuseme iwe 0.3. Sasa ndipo kuzidisha kunakubalika moja kwa moja: 0.3 mara 210 ni nyutoni 63. Mkono ukiendelea na 90, kani inayobaki ni 27, na 27 gawanya kwa kilo 21 ni mchapuko (ongezeko la kasi kila sekunde) wa karibu 1.3 m/s². Hiyo ndiyo sababu kabati zito huruka kwa ghafla linapoanza kusogea: mikono bado imeshika kani ya kushinda kikomo, na sakafu tayari imepunguza ya kwake.

Namba ya msuguano anaweza kuipima nyumbani. Achukue ubao mkavu na tofali, au kitabu kizito. Ainue upande mmoja wa ubao polepole mpaka tofali lianze kuteleza, kisha mtu amshikie ubao palepale. Apime kimo cha upande ulioinuliwa, na apime umbali wa sakafuni kutoka chini ya upande huo hadi mguu wa ubao. Kimo gawanya kwa umbali ndiyo namba ya msuguano: sentimita 40 kwa 100 ni 0.4. Kosa la kawaida ni kupima urefu wa ubao wenyewe badala ya umbali wa sakafuni. Kwa vipimo hivyo ubao ungekuwa na karibu sentimita 108, na jibu lingetoka 0.37. Kosa jingine ni kuinua kwa kushtua, tofali likaanza mapema. Arudie mara tano na kuchukua wastani. Halafu alisimamishe tofali kwa ubavu mwembamba na kupima tena: jibu litakuwa karibu lilelile, maana kwa vitu vigumu vikavu kama hivyo ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi kikomo kwa kiasi cha kuonekana. Wengi hawaamini mpaka waone.

Kani ya sakafu nayo ina mtego wake. Kwenye mfano wetu ilikuwa sawa na uzito, na mwanafunzi huondoka akidhani siku zote ni sawa. Hapana. Sakafu husukuma kiasi kinachotosha kuzuia kitu kisizame ndani yake, basi. Ukilishika jerikani mpini na kuvuta juu nyutoni 100 bila kulinyanyua, sakafu inabaki kubeba 110 tu. Ukikaa juu yake, inaongeza. Na mtu wa kilo 60 ndani ya lifti ya jengo la Kampala, lifti inapoanza kupanda kwa mchapuko wa 1 m/s², anasukumwa na sakafu ya lifti kwa nyutoni 660, ingawa uzito wake haujaondoka kwenye 600.

Kuna faida ya kulijua hili unapohamisha mzigo. Chukua jerikani lilelile na kani ya nyutoni 100 ileile. Kwanza lisukume huku umeliinamia, mikono ikielekea chini kwa pembe ya nyuzi 30. Sehemu ya mlalo ya kani yako ni nyutoni 87, na sehemu ya wima, nyutoni 50, inaligandamiza chini. Sakafu inabeba 260, kikomo cha msuguano kinapanda hadi 104, na 87 haitoshi: halisogei. Sasa lifunge kamba, ulivute kwa pembe ileile ya nyuzi 30 kuelekea juu. Mlalo ni 87 kama mwanzo, lakini zile 50 za wima zinasaidia kulibeba. Sakafu inabaki na 160, kikomo kinashuka hadi 64, na jerikani linakuja. Jasho lile moja, matokeo mawili. Swali hili mpe alifanye mwenyewe kwa kalamu, asisome majibu yangu tu.

Kutoka hapo aende kwenye kosa linalopendwa kuliko yote: kusema kwamba kani ya sakafu ni jibu la uzito kwa sheria ya tatu ya Newton. Sheria hiyo, iliyochapishwa mwaka 1687, inasema kitu A kikikisukuma B, B nacho hukisukuma A kwa kiasi kilekile kuelekea upande wa pili. Tumia sentensi yetu, uigeuze tu. "Dunia inavuta jerikani" ukiigeuza ni "jerikani linavuta dunia." Hilo ndilo jibu la uzito: jerikani linaivuta dunia kwa nyutoni 210, na dunia kwa ukubwa wake haitikisiki kwa kiasi cha kupimika. "Sakafu inasukuma jerikani" ukiigeuza ni "jerikani linasukuma sakafu." Kwa hiyo uzito na kani ya sakafu si jozi, hata pale namba zao zinapolingana. Jozi ya kweli huwa ya aina moja, na kila mmoja hufanya kazi kwenye kitu tofauti. Zile mbili zinalingana kwa sababu nyingine: jerikani limetulia, na kilichotulia kani zake lazima zifutane.

Uzito wenyewe usimchanganye na tungamo. Tungamo ni kiasi cha kitu, hupimwa kwa kilo, na haliendi popote hata jerikani likipelekwa mwezini. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya kiasi hicho, hupimwa kwa nyutoni, na hubadilika na mahali. Mwezini nguvu ya mvutano ni karibu nyutoni 1.6 kwa kilo, hivyo jerikani letu lingekuwa na uzito wa nyutoni 34 tu. Sisi wa Uganda tuna mfano wetu pia. Mstari wa ikweta unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na kwenye ikweta mvutano ni dhaifu kidogo kuliko kwenye ncha za dunia: karibu 9.78 kwa 9.83 katika usawa wa bahari. Sababu ni mbili, dunia imetuna kiunoni na pia inazunguka. Mtu wa kilo 60 anapoteza nyutoni 3 hivi. Mizani ya kuning'inia ya sokoni inapima kani, ingawa uso wake umeandikwa kilo. Mizani ya sahani mbili yenye mawe inalinganisha tungamo, na haijali ipo Kayabwe au wapi.

Kamba na waya. Mkazo ni jina la mvuto ambao kamba hukivuta kitu ilichofungwa. Ndoo ya maji ya kilo 12 ikining'inia kisimani bila kusogea, kamba inavuta nyutoni 120. Ukianza kuivuta juu kwa haraka, mkazo unazidi 120, ndiyo maana kamba iliyochoka hukatika pale mwanzoni unapoivuta kwa nguvu. Jambo linalowashangaza watu zaidi ni waya wa kuanikia nguo. Blanketi lililoloa la kilo 5, uzito nyutoni 50, likianikwa katikati, kila upande wa waya lazima ubebe nyutoni 25 za wima. Waya ukilegea kwa nyuzi 30 chini ya mlalo, mkazo ni 25 gawanya kwa saini (sine) ya nyuzi 30, ambayo ni 0.5, yaani nyutoni 50. Ukiukaza mpaka ulegee nyuzi 5 tu, unagawanya kwa 0.087, na mkazo unafika karibu nyutoni 287. Waya ulionyooka unapendeza macho, lakini ndio unaong'oa misumari.

Majini, zungusha kidole vilevile. Jerikani lililojaa likizamishwa ziwani, maji yanalisukuma juu kwa kani sawa na uzito wa maji lililoyasukuma pembeni, ambayo, ukijumlisha plastiki yenyewe, ni karibu lita 21, yaani karibu nyutoni 210. Anayelivuta chini ya maji habebi karibu chochote. Kadiri linavyotoka, maji yanaacha kusaidia, na likishatoka lote mkono unabeba 210. Uzito haukubadilika hata mara moja. Nasisitiza hili kwa sababu madaftari mengi huandika kwamba "kitu hupoteza uzito majini." Kisemwe kwamba kani ya maji inabeba sehemu.

Ukinzani wa hewa nitaupita haraka: upo kitu kinapopita hewani, unapinga mwendo, na kwa vyombo kama gari au basi kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne hivi. Dereva wa barabara ya Gulu anayeulipia kwa mafuta anaujua hata kama hajui hesabu yake.

Sasa zile kani mbili alizotaja binti yako ambazo wewe uliona hazipo. Hukuniambia ni zipi, lakini naweza kukisia kwa sababu ni zilezile kila mahali. Moja huitwa "nguvu ya mwendo," inayodaiwa kubaki ndani ya mpira uliopigwa. Mpira ukishaondoka mguuni, nani anausukuma mbele? Hakuna. Angani unavutwa na dunia na kuzuiwa na hewa, mishale miwili tu. Unaendelea mbele kwa sababu kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee. Kinahitaji kani ili kibadilike. Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, na ndiyo ngumu kuliko zote kuikubali, maana maisha yetu yote tumeona vitu vikiachwa vinasimama. Vinasimamishwa na msuguano.

Ya pili ni "kani inayotupa nje" kwenye kona. Abiria wa boda boda anahisi anatupwa nje ya kona, lakini kwa mtu aliyesimama pembeni mwa barabara, hakuna anayemsukuma nje. Mwili wake unataka kwenda moja kwa moja, pikipiki ndiyo inageuka. Kani iliyopo ni ya barabara kwenye matairi, kuelekea ndani ya kona, na hiyo ni msuguano. Hapa msuguano ndio unaomgeuza, na kwenye mwendo wa kwenda mbele ndio unaompeleka: tairi linasukuma barabara nyuma, barabara inasukuma tairi mbele. Atakayeandika kwamba msuguano siku zote unazuia mwendo, mwonyeshe pikipiki iliyokwama kwenye tope, injini inanguruma na haiendi.

Hesabu yake ni fupi. Pikipiki, dereva na abiria, jumla kilo 250, wakichukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 25 kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde: tungamo mara kasi mara kasi, gawanya kwa 25, ni nyutoni 1,000. Barabara tambarare inambeba kwa 2,500, kwa hiyo namba ya msuguano inayohitajika ni 0.4. Kwa kilomita 54 kwa saa inahitajika 0.9, ambayo barabara ya murram (udongo wa changarawe) iliyolowa haina. Tungamo hujifuta kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo kuongeza abiria "ili pikipiki ishike barabara" hakumsaidii dereva kwenye kona.

Neno moja kuhusu idadi. Akiuliza hasa aina za kani ni ngapi, mwambie wanafizikia wanahesabu nne za msingi: mvutano, umeme-sumaku, na mbili za ndani ya kiini cha atomi, kani kali na kani dhaifu. Kani ya sakafu, msuguano, mkazo, springi, msukumo wa maji na ukinzani wa hewa vinapofanyika, ni atomi zinazosukumana na kuvutana kwa umeme wa chaji zake. Majina mengi ni kwa ajili yetu, ili tuhesabu kwa urahisi.

Kwa mazoezi ya mikono nampendekezea springi, kwa sababu itamrudia tena kwenye mtihani wa vitendo. Aining'inize springi kwenye kishikizo, rula wima kando yake, asome namba ya kielekezi kabla ya kuweka chochote. Aongeze gramu 100 kila mara hadi 600, akisoma kila mara jicho likiwa sawasawa na kielekezi. Safu ya tatu kwenye jedwali iwe mrefuko: usomaji mpya kutoa usomaji wa kwanza. Wanaochora grafu ya urefu wote badala ya mrefuko hupata mstari usiopita sifuri, kisha wanaulazimisha upite. Kani aiandike kwa nyutoni: gramu 100 ni nyutoni 1. Akipata mrefuko wa sentimita 4 kwa kila nyutoni, ukaidi wa springi (kani kwa kila mita ya mrefuko) ni nyutoni 25 kwa mita. Mstari ukianza kujikunja mwishoni, springi imevuka kikomo chake; atoe mawe yote na asome tena, na kama kielekezi hakikurudi pale pa mwanzo, springi hiyo imeharibika na isitumike kwa kipimo kingine. Mpira wa tyubu ya baiskeli usitumike mahali pa springi, kwani mrefuko wake hauendi sambamba na kani, na grafu yake itamchanganya kabla hajaelewa ile rahisi.